Disketi inayokataa kusomeka si lazima iwe tupu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kinampanda, wilayani Iramba, alitupigia simu baada ya kusikia kipindi chetu kuhusu kutunza nyaraka za familia. Ana kopo la biskuti lenye disketi saba. Ndani ya disketi hizo, anasema, zimo hadithi na methali za Kinyiramba alizokusanya kutoka kwa wazee mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliziandika kwanza kwa mkono kwenye madaftari, kisha jamaa zake waliokuwa na kazi maofisini, kila mmoja mahali pake, wakamsaidia kuzichapa kwenye kompyuta. Madaftari yameliwa na mchwa. Wazee waliosimulia wamekwisha kufariki. Kilichobaki ni kopo.

Mjukuu wake aliporudi likizo alikuja na kompyuta mpakato na kiendeshi cha disketi, yaani kile kijisanduku chenye mdomo wa kuingizia disketi, cha aina inayochomekwa kwa waya wa USB. Disketi tatu zilifunguka, ila maandishi yalikuwa na herufi za ajabu mwishoni mwa kila neno. Nne zilikataa. Kompyuta ilisema kwamba disketi hiyo haijaandaliwa kwa matumizi, ikauliza kama aiandae sasa. Kijana alikuwa tayari kubonyeza "ndiyo". Mwalimu akamshika mkono.

Swali alilotuuliza ni fupi: je, kazi yangu imepotea?

Jibu letu kwanza ni hili: Mwalimu alifanya vyema kumzuia mjukuu. Kompyuta inapouliza hivyo haimaanishi kwamba disketi ni tupu. Inamaanisha kwamba yenyewe haiwezi kusoma kilichomo. Ukikubali, itaifuta disketi yote na kuichora mistari yake mipya. Hapo ndipo kazi inapopotea kweli.

Hebu tueleze kwa nini kompyuta hukosa kuelewa disketi ya kompyuta nyingine, na nini cha kufanya ikiwa nawe unalo kopo kama hilo, kwenye stoo ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya chama cha ushirika.

Disketi ni ndugu wa kaseti

Wasikilizaji wetu wengi wanaijua kaseti ya redio. Ndani yake kuna utepe uliopakwa unga wa madini unaoshika sumaku. Hedi ya redio inagusa utepe unapopita, inahisi mabadiliko ya sumaku, na sisi tunasikia sauti.

Disketi, ambayo wengine huiita floppi, ni jambo lilelile. Tofauti ni kwamba badala ya utepe mrefu kuna duara jembamba la plastiki linalozunguka ndani ya ganda. Hedi huenda mbele na nyuma juu ya duara hilo na kusoma mizunguko ya sumaku, mmoja ndani ya mwingine, kama pete za mti uliokatwa.

Disketi ndogo iliyoenea zaidi, yenye ganda gumu na upana wa inchi 3.5, ina mizunguko 80 kila upande. Kwenye aina iliyotoka mwaka 1987, kila mzunguko umegawanywa vipande 18, na kila kipande kinabeba herufi 512. Ukizidisha pande mbili, mizunguko 80, vipande 18 na herufi 512, unapata herufi 1,474,560. Picha moja tu ya simu ya leo mara nyingi haienei humo. Lakini kwa maandishi matupu, hiyo ni nafasi ya mamia ya kurasa. Hadithi za tarafa nzima zinaweza kukaa kwenye disketi moja.

Kufuli la kwanza: umbo

Disketi za kwanza kuuzwa, za kampuni ya IBM mwaka 1971, zilikuwa na upana wa inchi 8, karibu sawa na sahani ya chakula. Mwaka 1976 zikaja za inchi 5.25, laini, zinazopinda ukizishika vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sony ikaleta za inchi 3.5 zenye ganda gumu. Pia kulikuwa na za inchi 3, ambazo kompyuta za Amstrad za kuandikia barua zilitumia kuanzia mwaka 1985.

Kufuli hili linaonekana kwa macho. Disketi ya inchi 5.25 haiingii kwenye mdomo wa inchi 3.5, na hakuna anayeshangaa. Tatizo linaanza pale disketi inapoingia vizuri kabisa, inazunguka, kisha kompyuta inasema haioni kitu.

Kufuli la pili: namna ya kuandika sumaku

Hapa ndipo disketi nne za Mwalimu zinapokwama, kwa kadiri tunavyoelewa maelezo yake. Anakumbuka kwamba zilichapwa kwenye ofisi iliyokuwa na kompyuta ya Macintosh, ya kampuni ya Apple.

Fikiria Kiswahili cha pwani cha zamani. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu aliyesoma herufi za Kirumi peke yake akipewa barua ile hawezi kuisoma hata neno moja, ingawa lugha ni yake mwenyewe. Karatasi si tupu, na wino haujafutika. Anayekosekana ni msomaji anayejua herufi zile.

Kampuni za kompyuta nazo zilifanya hivyo. Zilinunua maduara yaleyale ya plastiki, lakini kila moja ikaamua namna yake ya kuandika sumaku juu yake.

Kompyuta za aina ya IBM zilizungusha disketi kwa kasi moja na kuweka idadi ileile ya vipande kwenye kila mzunguko, wa nje na wa ndani.

Macintosh za mwanzo, kuanzia mwaka 1984, zilifanya tofauti. Wahandisi waliona kwamba mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, hivyo wakaujaza vipande 12, na wa ndani kabisa wakauwekea 8. Ili jambo hilo liwezekane, kiendeshi chao kilibadilisha kasi kulingana na mahali hedi ilipo. Unajua jinsi kaseti ikichezwa kwa kasi isiyo yake sauti inavyokuwa ya kindege au ya zimwi. Kiendeshi cha kawaida kinapokutana na disketi hiyo kinasikia "kindege" na "zimwi", kinashindwa kupata neno, kinasema hakuna kitu. Ni kuanzia mwaka 1988 tu ndipo Macintosh zilipoanza kuja na viendeshi vinavyosoma disketi za aina zote mbili.

Kompyuta ya Amiga ilitumia ganda lilelile la inchi 3.5, lakini iliandika mzunguko mzima kwa mkupuo mmoja, bila nafasi ambazo mashine za IBM huzitegemea ili kujua kipande kinaanzia wapi. Commodore 64 na Apple II nazo zilikuwa na namna zao kwenye disketi za inchi 5.25.

Kile kiendeshi cha USB alichokuja nacho mjukuu kimetengenezwa kwa kazi moja: kusoma disketi za inchi 3.5 zilizoandikwa kwa namna ya IBM. Akili yake imefungiwa ndani. Huwezi kuifundisha namna nyingine hata ukibadilisha programu ya kompyuta. Ndiyo maana tatu zilifunguka na nne zikakataa.

Kwa nini kwetu zilichanganyika hivyo

Msikilizaji anaweza kuuliza: kwa nini disketi za mtu mmoja zitoke kwenye mashine tofauti?

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa ya kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Masharti hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Lakini katika miaka ambayo disketi zilikuwa zinaenea duniani, mashine kwetu zilikuja chache chache, na nyingi zilifuatana na mradi au mfadhili. Mradi wa nchi hii ulikuja na aina hii, mradi wa nchi ile ukaja na aina ile. Mradi ukiisha, mashine inaharibika, anayejua kuitengeneza hayupo. Disketi zinabaki kwenye droo bila mashine iliyoziandika.

Aliyekuwa na jamaa kwenye ofisi mbili, kama Mwalimu wetu, alijikuta na disketi zinazofanana kwa sura lakini zisizosomeka na mashine moja.

Kufuli la tatu: programu iliyoandika

Sasa turudi kwenye zile tatu zilizofunguka zikiwa na herufi za ajabu. Mjukuu alitusomea mstari mmoja. Badala ya "mtoto wa sungura", kwenye kioo kulikuwa na "mtotï wá sungurá".

Hii si lugha ngeni na si uharibifu. Ni alama ya programu ya kuandikia iitwayo WordStar, iliyotumika sana miaka ya 1980. Matoleo yake ya zamani yaliweka alama ya siri kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, ili programu ijue mahali pa kunyoosha mistari ya ukurasa. Programu za leo haziijui siri hiyo. Zinaona alama na kuionyesha kama herufi nyingine.

Na hapa lugha zetu zinatusaidia. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Kinyiramba nacho, kama lugha nyingine za Kibantu za jirani, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na herufi zote za alfabeti, una tano tu za kurudisha:

- á ni a
- å ni e
- é ni i
- ï ni o
- õ ni u

Programu yoyote ya kuandikia ina sehemu ya kutafuta herufi na kuibadilisha yote kwa mpigo mmoja. Fanya hivyo mara tano kwenye nakala, si kwenye faili la asili, na karibu ukurasa wote utanyooka. Yatakayobaki ni machache, kama majina yanayoishia kwa konsonanti. Ukiona "Yusuæ", huyo ni Yusuf.

Disketi za Macintosh zikifunguliwa nazo zinaweza kuwa na kituko chao. Alama ya kipeo katika "ng'ombe" mara nyingine hugeuka, ukaona "ngÕombe". Ukilijua hilo, si tatizo. Programu ya bure ya LibreOffice inaweza kufungua mafaili mengi yaliyoandikwa kwa programu za zamani za Macintosh.

Inawezekana: mfano wa Andy Warhol

Andy Warhol alikuwa mchoraji maarufu wa Marekani. Mwaka 1985 alipewa kompyuta ya Amiga akachora picha kadhaa, akazihifadhi kwenye disketi. Alifariki mwaka 1987. Disketi zikakaa kwenye makumbusho yake mjini Pittsburgh bila mtu kujua hasa kilichomo.

Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wanafunzi wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wamezisoma. Walilazimika kufungua makufuli yaleyale tuliyoyataja. Walipata kiendeshi cha umbo linalofaa. Wakatumia kifaa kinachonakili sumaku yenyewe bila kujali ni ya kompyuta gani. Kisha wakakuta picha zimehifadhiwa kwa namna isiyofahamika, ikabidi waichunguze mpaka waielewe. Picha zikaonekana tena, karibu miaka 30 baadaye.

Disketi za Mwalimu hazihitaji kazi ngumu kiasi hicho, kwa sababu namna ya Macintosh ya kuandika inafahamika vizuri. Kinachohitajika ni kifaa cha aina ile waliyotumia wanafunzi wale. Kipo kiitwacho KryoFlux, na kingine cha bei nafuu zaidi kiitwacho Greaseweazle, ambacho ramani yake iko wazi kwa yeyote kutengeneza.

Vifaa hivi ni vibao vidogo vya umeme. Unakiunganisha upande mmoja na kiendeshi cha kawaida kilichotolewa kwenye kompyuta ya zamani ya mezani, na upande mwingine na kompyuta ya leo. Kibao hakijaribu kuelewa maneno. Kinapima tu kila badiliko la sumaku na muda uliopita kati ya badiliko na badiliko, kisha kinaandika vipimo hivyo kwenye faili. Ni kama mtu asiyejua herufi za Kiarabu anayepiga picha ile barua ya zamani ili aipeleke kwa anayezijua. Kazi ya kutafsiri inafanywa baadaye na programu, taratibu, bila kuisumbua disketi tena.

Jambo moja la kuzingatia kwa shule zetu: zile kompyuta kubwa za zamani zilizolundikwa stoo, hata kama zimekufa, viendeshi vyake vya disketi bado vina thamani. Sony, mtengenezaji mkubwa, iliacha kuuza disketi mwaka 2011. Viendeshi vilivyopo ndivyo hivyo tulivyo navyo. Kabla ya kuuza mashine kwa kilo kama chuma chakavu, chomoa kiendeshi ukiweke.

Ufanye nini na kopo lako

Kwanza, usikubali kompyuta "iiandae" au "iifomati" disketi. Bonyeza hapana, toa disketi.

Pili, ifunge isiandikwe kabla ya kuiingiza popote. Kwenye disketi ya inchi 3.5 kuna kijifungo cha plastiki kwenye kona. Kisukume mpaka kitundu kiwe wazi. Ile ya inchi 5.25 ni kinyume: ina pengo pembeni, na unaliziba kwa kipande cha karatasi ya gundi.

Tatu, iangalie kabla ya kuizungusha. Kwenye inchi 3.5, sogeza kile kibati taratibu na utazame duara kwenye mwanga bila kuligusa. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, hiyo ni kuvu. Usiiingize. Itakwaruzwa, na uchafu utabaki kwenye hedi uikwaruze disketi inayofuata. Iweke kando kwa ajili ya fundi anayejua kusafisha.

Nne, iweke mbali na sumaku, jua na vumbi. Mahali pabaya kuliko pote ni juu ya redio, kwa sababu nyuma ya spika kuna sumaku kubwa. Tunaomba radhi kwa niaba ya redio.

Tano, andika kwenye karatasi kila unachokumbuka: nani alichapa, ofisi gani, mwaka gani, kompyuta ya aina gani. Usiibandue lebo ya zamani. Mwalimu kukumbuka neno "Macintosh" kumeokoa siku nyingi za kubahatisha.

Sita, soma mara chache. Ukifanikiwa kuifungua, nakili kila kitu mara moja kwenye kompyuta, kisha iache disketi ipumzike. Usisahihishe chochote ndani ya disketi yenyewe.

Saba, hifadhi nakala za maandishi mahali pasipopungua patatu, na moja iwe nje ya nyumba. Chapa na moja kwenye karatasi. Karatasi ina maadui wake, mchwa wakiwa wa kwanza, lakini haihitaji kiendeshi.

Kama disketi si yako

Kopo la familia ni la familia. Lakini disketi za ofisi ya serikali ni kumbukumbu za umma, na zinasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Usizichukue nyumbani hata kwa nia njema. Mweleze mkuu wa ofisi, naye awasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa ushauri wa karibu, Chuo cha Utumishi wa Umma, kinachofundisha utunzaji wa kumbukumbu, kina tawi mjini Singida.

Aidha, disketi ya shule inaweza kuwa na alama za wanafunzi, na ya zahanati majina ya wagonjwa. Watu hao bado wapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda. Usipige picha ya kioo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Na simu yako je?

Baadhi ya vijana wamecheka kusikia habari za disketi. Tunawauliza: sauti ya bibi uliyorekodi kwenye simu iliyovunjika kioo iko wapi? Kadi ya kumbukumbu ya simu ya zamani, unajua ilipo? Japani, nchi ya teknolojia, ilifuta masharti ya mwisho ya kutumia disketi kwenye ofisi za serikali mwaka 2024 tu. Kila chombo kina siku yake ya kuachwa, na kinapoachwa kinaondoka na yaliyomo kama hakuna aliyenakili mapema.

Mwalimu wa Kinampanda amekwisha kunyoosha kurasa za mwanzo za zile disketi tatu kwa kubadilisha herufi tano. Mjukuu anasoma kwa sauti, babu anasikiliza na kusahihisha. Zile nne zimefungwa kwenye kitambaa kikavu, zikisubiri kibao na kiendeshi. Tumemwomba, wakati anasubiri, asimulie kwenye simu zile hadithi anazozikumbuka bado. Kumbukumbu ya kichwani nayo haina nakala.

Ikiwa shuleni kwenu au nyumbani kwenu kuna disketi, au kuna kiendeshi kinachofanya kazi, tuambie kupitia kipindi. Huenda mwenye disketi yuko kijiji kimoja na mwenye mashine kijiji cha pili, na hawajajuana.